Programu za Kurekodi na Kuchezesha Muziki: Mwongozo kwa Kwaya na Vijana Wanaoanza

Utangulizi



Katika vigango vingi vya vijijini, kwaya huimba kila Dominika kwa miaka mingi bila sauti yake kuhifadhiwa popote. Nyimbo hukaa katika kumbukumbu za waimbaji na katika madaftari ya mwalimu wa kwaya. Mwalimu akihama au akifariki dunia, sehemu kubwa ya hazina hiyo huondoka pamoja naye. Wakazi wa bonde la Mto Mkondoa, kuanzia Kilosa kuelekea Munisagara na Kidete, wanafahamu pia nguvu ya maji. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliziacha familia nyingi za Kilosa bila makazi, yakaikata na reli ya kati. Daftari la noti haliwezi kusimama mbele ya maji ya namna hiyo.

Mkoa wetu wa Morogoro unajua thamani ya sauti iliyohifadhiwa. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki dunia mwaka 1979, lakini hata vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye wanazifahamu nyimbo zake. Zinasikika kwa sababu zilirekodiwa, na kuna waliozitunza kanda na sahani zake. Wakati huo bendi ililazimika kusafiri hadi Radio Tanzania Dar es Salaam, au hata Nairobi, ili irekodi. Leo kazi ya kwanza ya kurekodi inaweza kufanyika ndani ya kanisa la kigango, kwa kompyuta mpakato moja na mikrofoni mbili.

Ndiyo maana viongozi wa kwaya na vijana wetu wa VIWAWA wanauliza swali lilelile mara kwa mara: tuanze na programu gani? Makala haya yanajibu swali hilo kwa mpangilio, ili kila kundi lipate kinacholifaa. Jibu letu kwa kifupi ni hili: programu inayomfaa anayeanza ni ile anayoweza kuitumia kihalali, inayofanya kazi kwenye kifaa alicho nacho, na inayoiachia kwaya yenyewe umiliki wa nyimbo zake.

Tambua kwanza kazi unayotaka kufanya

Makosa mengi huanza pale mtu anapotafuta programu kabla ya kuitambua kazi. Kuna kazi nne tofauti ambazo watu huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kurekodi sauti za watu na vyombo halisi: waimbaji, ngoma, kayamba, kinanda. Ya pili ni kutunga midundo na ala kwa kompyuta, ambapo kompyuta yenyewe ndiyo inayotoa sauti ya ngoma, gitaa au zeze. Ya tatu ni kuandika noti ili waimbaji wasome na wimbo uhifadhiwe katika maandishi. Ya nne ni kazi ya dijei, yaani kuchezesha na kuunganisha nyimbo zilizokwisha kurekodiwa katika sherehe.

Kwaya ya kigango kwa kawaida inahitaji kazi ya kwanza na ya tatu. Kijana anayetaka kutengeneza muziki wa injili wenye midundo anahitaji ya pili. Anayehudumia sherehe za Kipaimara, jubilei na arusi ukumbini anahitaji ya nne. Hakuna programu moja inayofanya kazi zote nne vizuri, wala si lazima mtu mmoja azifanye zote.

Programu za kurekodi sauti

Audacity. Hii ni programu huria na ya bure iliyotolewa kwa umma mwaka 2000. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, nayo haihitaji kompyuta yenye nguvu kubwa. Ukishaipakua na kuiweka, haihitaji intaneti ili kurekodi. Inarekodi, inakata, inapunguza kelele za chinichini, na inaweza kupanga sauti kadhaa zikae moja juu ya nyingine. Kwa kwaya inayotaka kuhifadhi nyimbo zake kama zinavyoimbwa, Audacity inatosha kabisa. Udhaifu wake unaonekana pale mtu anapotaka kutunga ala ndani ya kompyuta, kwa kuwa haikuundwa kwa kazi hiyo.

Reaper. Toleo la 1.0 la programu hii lilitoka mwaka 2006. Ni nyepesi sana kupakua, jambo linalomsaidia mwenye bando dogo, lakini uwezo wake unalingana na wa programu kubwa za studio. Unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 bila malipo. Baada ya hapo, leseni ya punguzo kwa mtu binafsi, taasisi isiyotafuta faida au biashara ndogo imekuwa dola 60 za Marekani. Yafaa kwaya zilizokwisha kuzoea misingi na zinazotaka kurekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kila moja katika njia yake. Kwa anayeanza kabisa, wingi wa vitufe vyake unaweza kumchanganya katika wiki za mwanzo.

Cubase. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, iliitoa mwaka 1989, na studio nyingi huitumia. Toleo kamili lina gharama. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya kurekodia na vifaa vya Yamaha, kampuni inayoimiliki Steinberg, huuzwa pamoja na leseni ya toleo dogo la Cubase. Parokia ikinunua kifaa kipya, viongozi wasitupe boksi wala karatasi zake kabla ya kuangalia kama ndani yake mna namba ya leseni. Mara nyingi programu halali huwa tayari imelipiwa bila wenyewe kujua.

GarageBand. Apple waliitoa mwaka 2004, nayo ni ya bure kwa wenye kompyuta au simu za kampuni hiyo. Ni rahisi kujifunza kuliko karibu zote tulizozitaja. Mwenye iPhone anaweza kuanza siku hiyohiyo. Kwa mwenye simu ya Android au kompyuta ya Windows haipatikani, na hakuna sababu ya kumfanya anunue kifaa kipya kwa ajili yake.

BandLab. Hii hutumika kwenye simu za Android, iPhone na kwenye kivinjari cha kompyuta, bila malipo ya kuanzia. Inamfaa kijana asiye na kompyuta. Kumbuka tu kwamba kazi zake huhifadhiwa zaidi katika mtandao. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, mtumiaji atachelewa, na bando litakwisha haraka.

Programu za kutunga midundo

Jina linalofahamika zaidi miongoni mwa watengenezaji wa muziki wa kizazi kipya ni FL Studio. Ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na vijana wengi bado huiita kwa jina hilo. Nguvu yake ni namna inavyopanga midundo: mtu huona visanduku vilivyojipanga, akijaza kimoja mdundo unasikika. Toleo la majaribio ni la bure na halina kikomo cha muda, lakini kazi uliyoihifadhi humo huwezi kuifungua tena uiendeleze mpaka ununue leseni. Anayenunua hupewa maboresho yote yanayofuata bila malipo mengine. Kabla ya kununua, soma jedwali linalolinganisha matoleo yake, kwani la bei ya chini halina vyombo vyote vilivyomo katika la bei ya juu.

Kwa asiye na fedha ipo LMMS, programu huria na ya bure inayofanana nayo kwa namna ya kupanga midundo. Sauti zake ni chache zaidi, lakini inatosha kumfundisha mtu msingi wa kazi.

Hapa tunatoa angalizo la kichungaji. Programu hizi huja na midundo iliyotengenezwa tayari, mingi ikitoka Ulaya na Marekani. Kwaya ya Munisagara ikiutumia mdundo uleule unaotumiwa na kila kwaya ya mjini, itakuwa imerekodi wimbo wake na kuipoteza sauti yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia Takatifu iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, unaagiza mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kiitwacho Church Law and Bantu Music, akichambua jinsi sheria za Kanisa kuhusu muziki zinavyohusiana na muziki wa Kibantu. Wilaya ya Kilosa ni nyumbani kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, nao wana ngoma zao na namna zao za kupokezana sauti. Mpiga ngoma wa kijijini akirekodiwa vizuri kwa dakika mbili, kijana anaweza kuujenga wimbo mzima juu ya mapigo yake. Programu itakuwa imeutumikia muziki wetu.

Programu za kuandika noti

Walimu wa kwaya wengi walizoea programu ya Finale, iliyoanza mwaka 1988. Mnamo Agosti 2024 kampuni inayoitengeneza ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Mafaili ya zamani hayajafa, lakini yapo hatarini: kompyuta zinavyobadilika, siku moja programu hiyo itakataa kufunguka. Tunawasihi walimu wenye nyimbo zilizoandikwa kwa Finale wazifungue sasa na kuzihifadhi upya katika mfumo wa MusicXML, unaosomwa na programu nyingi, na nakala nyingine katika PDF.

Anayeanza leo atumie MuseScore. Ni programu huria na ya bure, inaandika sauti nne na maneno chini yake, na inapiga wimbo ili mwalimu asikie alichoandika. Tovuti ya Swahili Music Notes nayo imekusanya noti nyingi za nyimbo za Kikatoliki kwa Kiswahili. Mwalimu anaweza kujifunza mengi kwa kuangalia wengine walivyopanga sauti zao.

Programu za dijei

Mixxx ni programu huria na ya bure ya kuchezesha muziki. Ina sahani mbili za kuunganisha nyimbo, inatambua kasi ya mapigo, na inaweza kutumika kwa kipanya na vitufe vya kompyuta bila kifaa cha ziada. Kwa kijana wa parokia anayejifunza, tunaipendekeza kuliko nyingine.

VirtualDJ nayo ni nzuri na rahisi, lakini ubure wake ni kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara. Anayelipwa kwa kazi hiyo anatakiwa kuwa na leseni. Serato DJ Lite pia ni ya bure, nayo hutumiwa zaidi na wenye vifaa vya dijei vinavyolingana nayo.

Dijei wa sherehe za Kikristo ana wajibu mara mbili: kuchagua nyimbo ambazo watoto na wazee wanaweza kuzisikiliza pamoja bila aibu, na kulinda masikio ya watu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80. Sauti inavyoongezeka, muda ulio salama unapungua haraka sana. Spika zisielekezwe kwenye viti vya wazee au mahali wanapoketi watoto. Jirani asiyekuwa na sherehe naye ana haki ya kulala.

Muziki uliorekodiwa na Liturujia

Jambo hili linahitaji uwazi, maana katika baadhi ya arusi maharusi huomba waingie kanisani kwa wimbo unaotoka kwenye flashi. Agizo la Idara Takatifu ya Ibada la tarehe 3 Septemba 1958 kuhusu muziki mtakatifu lilikataza vyombo vinavyojipiga vyenyewe, ikiwemo santuri, redio na kanda za sauti, visitumike katika adhimisho la Liturujia. Mwongozo wa Misa na watoto wa mwaka 1973 uligusia matumizi ya muziki uliorekodiwa, ukaelekeza tahadhari kubwa na kufuata kanuni za Maaskofu wa mahali.

Sababu yake inaeleweka. Kuimba ni tendo la taifa la Mungu lililokusanyika. Spika haina imani wala haisali. Waamini wakinyamaza ili spika iimbe, sala yao imechukuliwa. Sauti ya kwaya ndogo ya kigango, hata ikiyumba kidogo, ni sadaka ya walio hai mbele za Mungu. Kwa hiyo kazi tunazozieleza hapa zina nafasi yake katika kujifunza, katika uinjilishaji, redioni, nyumbani na ukumbini. Katika Misa, kwaya iimbe.

Kurekodi husaidia sana maandalizi ya Misa. Mwalimu akirekodi sauti ya alto peke yake na kuwatumia waimbaji wanaoishi mbali, watafika mazoezini wakiwa wameushika wimbo. Hayo ni matumizi bora ya simu, na hayana gharama yoyote.

Uhalali wa programu na Amri ya Saba

Mtu anaweza kuuziwa kompyuta ikiwa na FL Studio au Cubase iliyovunjwa kufuli, au akapewa kwenye flashi na rafiki. Wengi hawaoni kosa, kwa sababu aliyeibiwa yuko mbali. Lakini Amri ya Saba haipimi umbali. Programu ni kazi ya watu, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Kwaya inayoimba sifa za Mungu kwa chombo cha wizi inajipinga yenyewe. Kuna na hasara ya papo kwa papo: programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja kinaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Zamani mtu aliweza kujitetea kwamba hana namna. Leo Audacity, MuseScore, LMMS na Mixxx ni za bure na ni halali. Umaskini si sababu tena.

Haki inawahusu pia watunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi wakati wa uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo kuimbwa kanisani kila Dominika hakuufanyi uwe wa kila mtu. Kwaya inayotaka kurekodi wimbo wa mtunzi mwingine na kuusambaza iombe ruhusa yake, iandike jina lake, isibadilishe maneno wala sauti bila ridhaa yake. Usajili na ushauri hupatikana Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Wimbo mpya uliokusudiwa kwa Liturujia upitishwe kwanza kwa paroko na kamati ya liturujia, kwa maana hati ya Mtaguso, namba 121, inataka maneno yake yapatane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya Liturujia.

Vifaa na mahali pa kurekodia

Programu haiwezi kuiponya sauti iliyorekodiwa vibaya. Kwaya yenye fedha kidogo izielekeze kwenye mikrofoni na kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, kwa kuwa programu ya bure ipo, na mikrofoni ya bure haipo. Mikrofoni nyepesi zinazonasa sauti laini za kwaya kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika kifaa hicho, kwa hiyo hakikisha kinao kabla ya kulipa.

Kwaya isimame nusu duara. Weka mikrofoni mbili mbele yake, juu kidogo ya vichwa. Njia iliyozoeleka ni kuziacha nafasi ya sentimita 17 kati yake, zikielekea kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 110. Wenye sauti kubwa wasogee nyuma, wenye sauti laini wakae mbele. Kipimo cha sauti katika programu kisifike sifuri. Kilele kikiwa kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, sauti haitapasuka. Chagua biti 24 na kilohezi 48.

Kanisa lenye sakafu ya saruji na paa la mabati lina mwangwi mwingi. Tandikeni mikeka, tundikeni blanketi au vitenge vizito ukutani nyuma ya mikrofoni. Msirekodi mvua ikinyesha juu ya mabati. Saa za alfajiri, kabla ya pikipiki na mashine za kusaga kuamka, ndizo bora. Ikisikika sauti ya mvumo wa umeme, chomoeni chaja na mrekodi kwa betri ya kompyuta. Mara nyingi mvumo huondoka. Mahali umeme usipokuwa wa uhakika, betri iliyojaa ndiyo kinga ya kwanza.

Kuhifadhi kazi na kumiliki nyimbo

Hapa ndipo kwaya nyingi hupoteza kila kitu. Wimbo wa dakika tano uliorekodiwa kwa njia mbili katika biti 24 na kilohezi 48 unachukua takriban megabaiti 86. Nyimbo kumi za namna hiyo hazifiki gigabaiti moja. Hakuna sababu ya kukosa nafasi ya kuzihifadhi. Tunzeni faili la asili katika mfumo wa WAV; MP3 iwe nakala ya kusambaza tu, kwani mfumo huo hupunguza sauti ili faili liwe dogo, na kilichopunguzwa hakirudi. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama hati badala ya ujumbe wa sauti.

Wekeni nakala tatu: moja katika kompyuta ya kwaya, moja katika diski ya nje inayokaa ofisi ya parokia, na moja katika hifadhi ya mtandaoni au kwa mtu anayeishi mji mwingine. Nakala zote tatu zikiwa katika nyumba moja ya bondeni, maji yakija hesabu yake ni nakala moja.

Kwaya ikienda kurekodi katika studio ya mjini, iandikiane na mwenye studio kabla ya kuimba noti ya kwanza. Andiko lieleze bei, idadi ya nyimbo, siku ya kukabidhi, nani ataruhusiwa kuzipandisha mtandaoni, na mapato yatagawanywaje. Zaidi ya yote lieleze kwamba kwaya itapewa mafaili ghafi ya kila sauti, mbali na wimbo uliokamilika. Mafaili hayo yakibaki studio peke yake, diski ya studio ikiharibika au mwenye studio akihama, kwaya italazimika kulipa na kuimba upya. Fedha hizo ni jasho la waamini waliouza ufuta na mahindi ili kuchanga. Viongozi wa kwaya ni mawakili wake.

Mapendekezo kwa hali mbalimbali

Kwaya ya kigango yenye kompyuta moja ya zamani: Audacity kwa kurekodi na MuseScore kwa noti.

Kijana mwenye simu ya Android pekee: BandLab, akiwa na desturi ya kushusha kazi yake na kuihifadhi nje ya mtandao kila wiki.

Mwenye kifaa cha Apple: GarageBand.

Kwaya iliyokwisha kurekodi kwa mwaka mmoja na inayotaka kutenganisha sauti: Reaper, au Cubase ndogo ikiwa ilikuja na kifaa chenu.

Kijana anayetunga midundo: LMMS kwanza; akiona kipaji chake kinakua, ajiwekee akiba ya leseni ya FL Studio.

Dijei wa sherehe za parokia: Mixxx.

Tunashauri mambo mawili zaidi. Kwanza, chagueni programu moja na mkae nayo mwaka mzima. Anayebadili programu kila mwezi hujifunza mwanzo tu wa kila moja. Pili, wafundishwe angalau watatu, na mmoja wao awe binti. Ujuzi ukiwa kwa mtu mmoja, akienda chuo au akiolewa mbali, kompyuta hubaki imefunikwa kitambaa. Parokia zinaweza kusaidiana: kijana anayejua aende siku mbili katika kigango cha jirani, na wenyeji wamgharamie nauli na chakula.

Hitimisho

Hati ya Mtaguso, namba 112, inautaja muziki wa Kanisa kuwa hazina isiyokadirika. Sehemu ya hazina hiyo imo katika koo za bibi na babu zetu wanaojua nyimbo ambazo hakuna aliyeziandika. Kwa hiyo tunapendekeza kazi ya kwanza ya kila kijana atakayepakua programu baada ya kusoma makala haya isiwe wimbo wake mwenyewe. Amwendee mzee mmoja wa jumuiya yake, amwombe ruhusa, amrekodi akiimba, aandike jina lake, kijiji chake na tarehe, kisha nakala moja aipeleke parokiani. Mzee huyo hatasubiri mpaka tupate mikrofoni bora zaidi.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tunayemkumbuka kila tarehe 22 Novemba, utuombee.